Chipsi za Kibelgiji na Chai ya Rangi

Mjomba wangu alifundishwa kukaanga viazi na Mbelgiji mmoja aliyekuja kuchimba visima, na tangu hapo hakumheshimu mpishi mwingine yeyote duniani. Alifungua mgahawa wa meza nne hapa Karatu, kando ya barabara ya kupandia kreta, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: CHIPSI ZA KIBELGIJI. Dereva mmoja wa lori la vitunguu la Mang'ola aliniuliza kama Kibelgiji ni aina ya mbegu ya viazi. Nikamwambia ndiyo, maana siku hiyo nilikuwa na kazi nyingi.

Kiazi kilikatwa unene wa kidole, kikakaangwa mpaka kilainike bila kubadilika rangi, kikatolewa na kupumzishwa kwenye ungo, halafu kikarudishwa kwenye mafuta ya moto mkali. Hapo kwenye kupumzika ndipo nilipotukanwa sana. Mtu ana njaa, anaviona viazi vimelala vyeupe kwenye ungo, nami nimemsimamia namwambia avumilie, vinapumzika. Kulikuwa pia na mchuzi mweupe wa mayai mabichi ambao madereva waliuita dawa ya kikohozi. Kila jioni niliumwaga, na kila asubuhi mjomba alitengeneza mwingine.

Kisha mafuta ya kula yakaadimika. Miaka ile ukisikia duka fulani lina mafuta, ukienda unakuta foleni, na ukifika mbele unaambiwa ilikuwa foleni ya sabuni, nayo imekwisha. Siku mbili mjomba hakuwasha jiko. Siku ya tatu akarudi kutoka bucha na ndoo iliyofunikwa gunia, ndani yake mafuta ya ng'ombe. Aliyayeyusha huku amefunga dirisha kama mtu anayepika gongo.

"Mtu akiuliza, sema ni mafuta ya pamba," akaniambia.

Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba Wabelgiji wenyewe tangu zamani hukaangia hayohayo ya ng'ombe. Kwa hiyo kipindi tulichodanganya watu ndicho pekee ambacho ule ukuta wetu ulisema kweli.

Shida yangu ilikuwa mzee mmoja mfugaji aliyeteremka kutoka upande wa kreta kila siku ya mnada. Alikaa meza ya dirishani, fimbo magotini, akala chipsi moja moja kwa chai ya rangi. Siku zote chai ya rangi. Mtu mwenye ng'ombe wote wale, nikajisemea, kumbe bahili namna hii. Siku ya kwanza ya mafuta mapya aliniuliza ni mafuta gani.

"Ya pamba, mzee."

Akatafuna kidogo. "Pamba nzuri," akasema.

Sasa, hapa kwetu nani asiyejua kwamba wafugaji wanaoshika mila hawachanganyi maziwa na nyama siku moja? Wanaamini ukichanganya, mifugo ndiyo inayoumia. Na mfugaji asubuhi anakunywa nini kama si maziwa? Nikamwambia mjomba. Naye, ambaye hata ubatizo alikwepa mafundisho yake, akageuka mtaalamu wa sheria.

"Viazi si nyama," akasema. "Mafuta si nyama. Haya, nionyeshe nyama iko wapi."

Tukaendelea kuuza pamba yetu. Kisha yule mzee akakosa mnada mmoja, akakosa na wa pili. Sokoni wakasema ndama wake wanakufa, kila siku anatupa mmoja. Mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya maziwa na nyama hayakunihusu, lakini niliyaamini yote kwa mpigo. Niliwaona wale ndama wamelala, na mdomo uliosema pamba ulikuwa wangu.

Mnada wa tatu akaja, amekonda. Nikamfuata nje alikokuwa anafunga mbuzi wake, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwambia yote: ndoo, gunia, dirisha, pamba. Nilikuwa nalia.

"Binti yangu," akasema, "mimi nimekulia kwenye mafuta ya ng'ombe. Unadhani siyajui kwa harufu? Niliyajua kabla sijakaa."

"Na maziwa, mzee?"

"Siku ya mnada sinywi maziwa tangu zamani, maana mnadani hakukosi nyama. Natoka nyumbani na njaa yangu mpaka hapa. Mke wangu anadhani naumwa."

"Na ndama?"

"Kupe. Josho halina dawa tangu mwaka jana." Akakaza kamba ya mbuzi. "Mjomba wako usimwambie. Anahangaika sana na lile dirisha. Si vizuri kumuumbua."

Miezi yote ile nilimwita bahili. Niliona aibu.

Tukaingia ndani. Nikampelekea sahani yake, akaanza kula. Mjomba naye habari za ndama zilikuwa zimemfikia, na moyo wake haukuwa mbaya. Akatoka jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia mtu, ameshika kikombe kikubwa kinachotoa mvuke.

"Mzee mwenzangu, pole sana na mifugo," akasema, kwa sauti ya kusikika meza zote nne. "Hii natoa mimi. Chai ya maziwa matupu, hakuna maji hata tone."

Watu wakageuka watazame ukarimu. Mzee alikuwa na chipsi mdomoni. Akikataa, atamwaibisha mjomba mbele ya wateja na kisa chote kitajulikana. Akinywa, ana ndama waliobaki nyumbani, na yeye hakuwa kama mimi, yeye aliamini tangu utotoni. Akameza ile chipsi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinua.

Nikapita na sinia nikamgonga kiwiko.

Maziwa yalimwagika mezani, sakafuni, kwenye shuka yake. Mjomba aliniita mzembe, akaniita kipofu, akaniambia nifungashe nirudi kwetu Mbulu nikalime ngano. Mzee alikung'uta shuka yake taratibu mpaka mjomba akaishiwa maneno.

"Mwache binti," akasema. "Aniletee tu chai ya rangi."

Nikamletea. Nilitia sukari vijiko vinne, na sukari nayo ilikuwa haipatikani.