Kitabu cha Zawadi ya Kusoma

Maisha yamenitendea vizuri na sina la kulalamika, ila aibu moja nimeifuga tangu ujana. Leo naitoa.

Nilikuwa naomba kuingia chuo kikuu hapa mjini kwetu, enzi za Wabelgiji ulipoitwa Élisabethville. Alama zangu za mwaka wa mwisho zilikuwa za wastani, kwa hiyo nilitegemea sifa ya zamani. Katika shule ya kati nilipewa zawadi ya kwanza ya kusoma, kitabu kinene cha Kifaransa chenye jina langu kwa wino. Mama alikitunza kabatini miaka sita, kimefungwa kitambaa.

"Ile iko mambo ya batoto," baba, mtu wa reli, aliniambia aliponiona nikikichukua. "Bataangalia diplome tu."

"Papa, bazungu banapenda ushahidi."

Kule chuoni, profesa aliyewapokea waombaji alisoma alama zangu, akasema zinatosha, akachukua kalamu aandike jina langu kwenye orodha ya waliokubaliwa. Ningenyamaza tu. Badala yake niliweka kitabu mezani, nikamweleza kwa kirefu nilivyowashinda wenzangu wote.

Akaweka kalamu chini. "Ulipenda sura ipi?"

"Zote, Monsieur."

Akakifungua. Vitabu vingi vya siku zile vilikuja kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji alizikata mwenyewe kwa kisu. Changu hakikuwa kimekatwa hata ukurasa mmoja.

Profesa akatoa kisu cha kukatia karatasi kwenye droo, akanisogezea kiti.

"Keti, mshindi," akasema bila kucheka. "Nisomee sura ya kwanza, halafu nitaandika jina."