Mkanda wa Kwenye Paji

Nilijua mkono wangu wa kulia umekufa ganzi siku niliyotia damu kwenye shati jeupe la shule. Pini ilikuwa imezama kwenye kidole gumba, na mimi naendelea kushona huku naimba. Aliyepiga kelele ni Mama Fundi, mwenye kibanda cha kushonea hapa Kasese mjini, ambako nilikuwa najifunza kazi baada ya kuacha shule darasa la saba.

"Wewe msichana! Unashona shati ama unachinja kuku?"

Tulicheka wote, maana mimi kicheko hakinipi taabu. Lakini jioni aliniita pembeni. Likizo ndefu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na mashati ya wanafunzi yalikuwa yamerundikana mpaka dirishani.

"Nakupa mpaka shule zifungue," alisema. "Mkono ukirudi, hii cherehani ni yako. Usiporudi, mwanangu, nitamweka mwingine. Usinichukie."

Sikumchukia. Niliogopa tu. Nilikuwa na daftari zima la magauni niliyoyachora, na mwishoni nilikuwa nimeandika jina la duka ambalo halipo bado. Duka gani litafunguliwa na fundi asiyesikia sindano?

Maumivu yenyewe yalikuwa na miaka miwili. Yalianzia chini ya kisogo, yakashuka katikati ya mabega, halafu yakawa yanakimbia mkononi kama mtu ananimwagia maji ya moto. Usiku nililala nimekaa, nimeegemea ukuta. Dawa ya kuchua nilijipaka mpaka majirani wakanijua kwa harufu kabla sijabisha hodi.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, kwenye kliniki moja mjini. Zamani alikuwa jeshini, kwa hiyo kila mtu alimwita afande. Alikuwa mtu wa upande wa Busoga, mbali na milima yetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu.

"Simama wima! Inua mkono! Shusha! Inauma wapi? Usinionyeshe kwa macho, onyesha kwa kidole!"

Nikaonyesha.

"Kazi?"

"Cherehani, afande."

"Unabeba kitu kichwani? Maji? Kuni? Ndizi?"

"Hapana, afande."

Na ilikuwa kweli. Kwetu Mahango, juu mlimani, hatubebi kichwani. Mlima ule ni mkali, ukiweka mtungi kichwani utaufuata bondeni. Sisi mzigo tunauweka mgongoni. Mkanda mpana unaushika kwa chini, unapanda pande zote mbili za kichwa, unapita kwenye paji la uso. Paji ndilo linalovuta. Mimi nilianza na kuni nikiwa na miaka sita. Siku hizo, kila Jumamosi na Jumapili nilikuwa napanda nyumbani na kupandisha kahawa kutoka shamba letu la bondeni. Kuita kitu hicho kazi hakukunijia. Ni kama kumwambia daktari kwamba huwa unapumua.

Lakini niseme ukweli wote. Nilipofika mlangoni nikitoka, mkanda ulinijia akilini, nikanyamaza. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Afande akinikataza, nani atabeba?

Basi akailaumu cherehani. Nikapandisha kiti, nikawa navuta kidevu nyuma mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kama kuku anayeshangaa. Katikati ya wiki nilikuwa na nafuu. Jumatatu narudi kwake nimepinda.

"Ajabu," alisema wiki ya tatu. "Jumatano unapona, Jumatatu umekufa. Unafanya nini siku ya Mungu?"

"Nasali, afande."

Alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Zilipobaki wiki chache shule zifungue, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimefuata gumba. Ndipo shangazi yangu, dada yake baba, akaja na habari. Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, kuna mwanamume wa Butembo anayevuta shingo.

"Mara moja tu, ka! Unainuka unacheza."

Ile *ka!* niliitamani kuliko chakula.

Tulimkuta kwenye chumba nyuma ya soko. Mkeka chini, picha ya Bikira Maria ukutani. Mpakuzi mmoja wa magunia alikuwa anatoka, anageuza kichwa huku na huku na kutabasamu peke yake.

"Umeona?" shangazi alininong'oneza. "Huyo aliingia analia."

Yule mvutaji alikuwa mtu mnene, mikono yake inanuka sabuni, Kiswahili chake cha kwao Kongo.

"Lala hapa, mutoto. Usiogope, mimi si mulozi. Kama ningekuwa mulozi ningekuwa na nyumba ya gorofa."

Nililala. Mkono mmoja ukashika taya langu, mwingine ukaingia chini ya kisogo. Ilikuwa mikono ya joto, na kichwa changu kilionekana kidogo sana ndani yake.

"Pumua. Nikifika tatu, uniachilie shingo. Moja."

Nilifumba macho.

"Mbili."

Tatu haikuja. Nikangoja. Kidole chake kilikuwa kimepanda kwenye paji langu, kikasukuma kitambaa changu nyuma. Pale nywele zinapoanzia nina mfereji mdogo, ngozi imelainika kama mpini wa jembe. Ndiyo maana huwa navaa kitambaa. Akaupitia mara moja, akarudi tena.

"Njo nini hii? Bamama ya kwetu mulimani beko na hii alama. Unabeba na mukanda?"

"Ndiyo, baba."

"Na vidole? Biko nasikia?"

"Vitatu havisikii."

Akakishusha kichwa changu kwenye mkeka polepole, kama mtu anayeweka yai. "Hii sivute."

"Baba, tumetoka mbali!" shangazi aliruka. "Vuta kidogo tu."

"Mama, kidogo ya shingo haiko. Nilivuta mwanamuke moja wa kwetu, wa mukanda, vidole bilikuwa bimekufa hivi hivi. Alitembea mpaka pale mulangoni. Miguu ikamukatala." Aliutazama ule mlango. Baadaye akanigeukia. "Unaenda kwa daktari?"

"Ndiyo."

"Anajua mukanda?"

Nikavuta kitambaa, nikafunika tena paji.

"Hajui?" Shangazi alishika kiuno. "Wiki zote hizo hajui?"

Nikaanza kulia palepale mkekani, na sikulia kwa maumivu.

"Mupelekee mukanda aone na macho," alisema yule mtu, akakataa hata hela zetu za asante.

Jumatatu niliuweka mkanda juu ya meza ya afande. Aliugeuza, akaniuliza unavaliwa vipi. Nikamwonyesha. Akafunga kigoda chake cha mbao pamoja na kifurushi cha vitabu, akaweka mkanda kwenye paji lake mwenyewe, akainama, akatembea. Hatua sita. Ya saba akasimama, mishipa ya shingo imetoka kama kamba.

"Na mimi ni mwanajeshi," alisema akihema. "Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza kichwani, afande."

Mdomo wake ulitaka kucheka, macho yakakataa. "Usinifanyie mchezo."

"Ungenikataza," nikasema. "Mama angebeba peke yake."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza aliongea bila amri. Paji lipumzike kabisa. Nikilazimika kubeba, mikanda miwili mabegani, nusu ya mzigo, safari mbili. Mazoezi ni yale yale, na nilale chali, kitambaa kimekunjwa chini ya shingo. Miguu ikilegea, au nikishindwa kuzuia mkojo, nikimbie hospitali siku hiyo hiyo.

Mama nilimkuta shambani anafunga gunia.

"Basi nitabeba mimi," alisema niliposimulia. "Nimebeba tangu sijaolewa, na shingo yangu ni nzima."

"Mama, nitazame."

Akageuka. Yakageuka mabega, kifua, kiuno na miguu. Siku zote nilidhani hivyo ndivyo wanawake wenye heshima wanavyogeuka.

"Geuza shingo tu, mama."

"Si ndiyo hii nimegeuza?"

Tuligombana kwa sauti mpaka jirani akauliza kama kuna nyoka. Mwisho niligawa gunia mara mbili, nikafunga mikanda ya turubai niliyoishona mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mishono yake inatia aibu. Tulipanda polepole, tukashuka tena. Njiani watu walituuliza kama tumekuwa watalii.

Hakukuwa na *ka!* Wiki ya pili nililala nimenyooka mpaka jogoo. Kidole cha kati kikaanza kuwasha, kisha cha shahada. Gumba lilibaki gogo. Na gumba ndilo linaloshika sindano.

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa nilimpeleka mama kliniki. Alikubali kwa sharti moja, yule afande asimpigie kelele.

"Geuza shingo kushoto!" afande alipiga kelele.

Mama akageuka mzima mzima na kiti.

"Shingo, mama, si mwili! Wewe binti, simama nyuma, mshike mabega yasiende."

Nikamshika. Mama akajaribu, nikahisi anavyosukuma, mifupa yake midogo kuliko nilivyofikiri. Nikakaza mikono nisimwachie. Kitu fulani kikawa kinakwaruza chini ya gumba langu la kulia, chembamba, kimesimama kama nywele. Nilikisugua. Kikakwaruza tena.

Kichwa cha mama kikaja chenyewe, kidogo, kidogo, mpaka jicho lake moja likanifikia.

"Mbona unalia?"

"Mshono wa gauni lako umefumuka, mama. Hapa begani. Nausikia uzi."

"Basi utaushona," alisema.

"Kimya!" alisema afande. "Sasa kulia."