Seva Ilipomkataa Mtu wa Satellite

Miaka ile intaneti ilipopitia laini ya simu ya mezani, nilikuwa fundi wa intaneti katika ofisi moja katikati ya jiji. Mteja wetu akiwa nje ya nchi, alipiga namba ya kampuni ya intaneti ya huko ili aunganishwe. Seva yao ikaiuliza yetu kama huyo ni mtu wetu, nayo yetu ikajibu ndiyo au hapana. Ikisema hapana, haikutoa sababu. Niliichukia kama mtu.

Asubuhi moja alipiga simu mteja wa mtaa wa Satellite aliyekuwa Lusaka kikazi.

“Boss, hii kitu yenu inanikataa. Mama yangu ni mgonjwa, ako kwangu, na bibi yangu alisema ataniandikia email. Simu ya nyumbani nayo iko busy tu.”

“Hiyo ni mvua,” nikamwambia. “Ikinyesha huko kwenu laini zote huwa hivyo.”

Nikaandika upya neno la siri ambalo seva hizo mbili zilitambuana kwalo. Ikamkataa. Nikabadilisha hiki, nikarudisha kile, mpaka sikujua tena nimegusa nini. Mkubwa wangu, aliyekuwa Kenyatta Market akila nyama, aliniambia kwa simu nijipange. Nijipange na nini? Mteja akapiga tena, sauti imemwisha. Nikamwomba fundi wa kampuni ya Lusaka ajaribu kuingia kwa jina langu. Likapita papo hapo. Nusura nilie. Seva ilikuwa nzima, ila yeye tu ndiye hakutakiwa.

Ndipo nikatazama ni akina nani waliokuwa wameunganishwa. Jina lake lilikuwepo, kutoka Satellite, tangu asubuhi. Ofisi yetu haikuruhusu watu wawili watumie jina moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa wateja walikuwa wakiwagawia majirani majina yao. Mkewe alikuwa ameingia kwa jina hilo kupitia simu ya nyumbani, akamwandikia, kisha akakaa hapo hapo kungoja jibu. Kungoja kwake ndiko kulikomfungia mumewe kote kuwili, kwenye intaneti na kwenye simu ya nyumbani.

Nikaikata laini ya mkewe. Punde mteja akapiga.

“Nimeingia! Bibi ameandika, anasema mama anataka kusikia sauti yangu. Wacha nipige.”

Kabla sijapumua, simu ikalia tena. Alikuwa mkewe.

“Mbona mmenikatia nikimwandikia bwana yangu tena?”

“Pole, madam. Weka simu chini, bwana yako anapiga sasa hivi aongee na mamake.”

“Mama ametuacha saa hii tu. Sasa ataongea na nani?”

Akaweka simu chini, ili mumewe aweze kumpata.