Seli Sita za Fundi Nakshi

Siku alipopasua betri ya kwanza ya laptopu yake, Fundi Nakshi hakuona kwamba anaingilia kazi ya watu. Kupasua alikujua. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa katika chumba kile cha mbele kinachotazama barabara, akifumua nguo za walionenepa na za waliokonda, na mkono wake ulijua kuingiza ncha ya wembe mahali vitu viwili viliposhikana, ukavitenganisha bila kuumiza hata kimoja. Ganda la plastiki lilipolia kach! na kufunguka, likaonyesha seli sita zilizolala mbili mbili kama watoto kitandani, alicheka peke yake.

"Kumbe ndicho ulichokuwa unaficha," akaiambia betri.

Laptopu yenyewe ilikuwa nzee na nzito, na hakuna mtu aliyeihitaji duniani isipokuwa yeye. Cherehani yake kubwa ya kutarizi ilipokea michoro kupitia waya mpana wenye meno, na laptopu za siku hizi hazina tundu la waya huo. Basi vyombo hivyo viwili vilizeeka pamoja kama mke na mume wasioelewana na mtu mwingine yeyote. Umeme wa mtaa ukikonyeza, na ulikonyeza mara tatu nne kwa siku, cherehani ilisimama sindano ikiwa juu, ikangoja. Ukirudi, iliendelea palepale. Laptopu, ambayo betri yake haikushika chaji hata dakika moja, ilizimika na kusahau yote. Ukiiwasha, ilitaka kuanza mchoro tangu mshono wa kwanza.

Kwenye kola ya shati si neno, unafumua, unarudia. Lakini mezani palikuwa na mahameli, na mahameli haisamehe. Sindano ikishaingia, tundu lake halizibiki.

Mahameli ile ilikuwa pazia la jukwaa. Shule ya wasichana ilikuwa inafungua ukumbi wake mpya Jumamosi. Fundi Nakshi alisoma pale miaka miwili, kisha baba yake akafariki na masomo yakaishia hapo. Msichana aliyekaa naye dawati moja aliendelea mpaka mwisho, na sasa ndiye mwalimu mkuu. Mpaka leo waliitana Deski. Kamati ya shule ilitaka pazia lipelekwe kiwandani. Deski akasimama mbele yao akasema litatariziwa na mwenzake, na kama litaharibika waje wamuulize yeye. Upande wa kushoto, nembo ya shule ilitoka vizuri mno. Upande wa kulia, umeme ulikonyeza nembo ikiwa nusu, na Fundi alipojaribu kuunga, mwenge wa shule ukapinda kama pua iliyovunjika. Kilibaki kipande kimoja tu cha akiba, na mahameli ya zambarau ile haikupatikana tena katika duka lolote. Siku ilikuwa Jumatano.

Betri mpya za laptopu ile ziliacha kutengenezwa zamani. Mbili za kuigiza alizoletewa na wauzaji, laptopu ilizikataa. Ila alikuwa na betri zake mbili zilizochoka: iliyomo ndani ya laptopu, na ya kabla yake, aliyoitunza kwenye sanduku la vifungo kwa kuwa mshonaji hatupi kitu. Akaanza na hiyo ya sandukuni. Alinunua seli sita mpya zenye masikio ya bati tayari, akaazima kifaa cha kulehemu kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akitengeneza redio mlango wa tatu. Akafanya kama afanyavyo kwenye gauni: kwanza fumua kila kitu, safisha, ndipo ushone. Akazing'oa seli za zamani zote, akapangusa kibao kidogo cha umeme kilichozisimamia, akalehemu mpya. Lehemu yake iling'aa kama shanga. Mita ya kupimia umeme ikasoma vizuri. Akaipachika betri, akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena. Kimya cha kaburi.

Shemeji aliingia akipangusa mikono kwa kitambaa, akaitazama, akaguna.

"Shemeji, hii umeiua."

"Mdomo wako huo! Seli si mpya?"

"Seli nzima. Kilichokufa ni kibao. Kile kina akili. Ukikikatia umeme hata sekunde, kinadhani kuna mwizi, kinajifunga, na hakifunguki tena. Wewe umekikatia saa nzima!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ndiyo maana mafundi tunazikataa hizi. Utabadilishaje tairi na gari linatembea? Rudi kwenye mashati, mama."

"Toka dukani kwangu."

Alitoka akicheka. Fundi Nakshi akabaki ameinamia ile maiti. Hasira ilimfanya atafute kitu cha kushika, akavuta sketi ya mtoto wa shule iliyokuwa ikisubiri lastiki mpya kiunoni. Akafungua upindo kidogo, akakata lastiki iliyolegea, akafunga mpya kwenye mkia wake kwa pini, akaanza kuvuta. Ya zamani ikatoka upande huu, mpya ikiifuata nyuma upande ule. Upindo haukubaki mtupu hata nukta moja.

Mikono ikasimama.

Akavuta mara nyingine, polepole. Kisha akaitupa sketi na kukimbia barabarani, tepu ya kupimia ikipepea shingoni.

"Shemeji! Shemeji wee! Nani kasema nizing'oe za zamani kwanza?"

"Kuna nini tena? Umechoma nyumba?"

"Nafunga mpya juu ya za zamani, zishike pamoja. Zikishashika, ndipo nakata za zamani. Kibao kitajuaje?"

Shemeji akaweka chini redio aliyoishika.

"Hakitajua," alisema taratibu. "Lakini ngoja, usiruke. Mpya zimejaa, za zamani zimelegea. Ukiziunga hivyo, hizi zitajimwaga kwenye zile kwa nguvu, na moto wake utauona kwa macho. Lazima zilingane kwanza. Jozi kwa jozi."

"Zitalingana."

"Na hiyo iliyobaki ndiyo ya mwisho. Ikifa..."

"Najua ikifa."

Alhamisi asubuhi alizitoa seli mpya kwenye ile maiti, akapasua betri ya mwisho, akaanza kuzipunguza chaji zile mpya kwa balbu ya tochi. Aliiwasha juu ya jozi ya kwanza, akapima, akaizima, akaacha zitulie, akapima tena, kwa uvumilivu ule ule wa kulinganisha mikono miwili ya koti. Wateja waliambiwa warudi kesho. Ndoo ya mchanga ilikaa mlangoni. Kufika adhuhuri, jozi zote tatu zilikuwa zinasoma sawasawa na wenzao wazee, na moyo wa Fundi ulidunda kama wa msichana anayesubiri kutajwa jina.

"Nipe nilehemu mimi," shemeji alisema. "Mkono wako umezoea sindano."

"Na hii ni sindano ya moto. Wewe shika mita."

Waya wa kwanza, chini kabisa. Wa pili. Alilehemu kwa pumzi moja moja, kama anavyotunga uzi sindanoni. Wa tatu. Wa nne. Akagusa seli kwa mgongo wa kidole: baridi. Sasa zile kumi na mbili zilikuwa zimeshikana, na kibao kilikuwa kinakula mezani pa wote bila kujua nani mgeni nani mwenyeji. Akashika mkasi mdogo.

"Bismillahi," shemeji akanong'ona, yeye asiyeonekana kuomba kitu.

Kata. Kata. Kata. Ya nne. Seli za zamani zikaanguka kwenye kiganja chake. Akaipachika betri ikiwa bado uchi, akabonyeza, na kioo kikawaka. Shemeji alipiga kelele mpaka kinyozi wa jirani akatoka na wembe mkononi.

Hata hivyo, kuwaka si kudumu. Akaichaji usiku kucha, na Ijumaa asubuhi akatandika mahameli.

Deski alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda na viatu vyake vya ofisi, mkoba mapajani. Nembo ilikuwa imefika kwenye mwenge umeme ulipokatika na feni ya darini ikasimama.

Cherehani ikatulia, sindano juu. Laptopu ikabaki imewaka. Mshono wa elfu tisa mia nne na kumi na mbili, ilisema, na haikusahau.

"Haya, utarudi sasa hivi," Fundi akasema.

Haukurudi. Safari hii haukuwa umekonyeza, ulikuwa umefumba. Nusu saa. Saa nzima. Fundi alipunguza mwanga wa kioo mpaka ukabaki wa kuotea tu. Chaji asilimia sabini. Hamsini na tano. Shemeji alikuja, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Zile za zamani zingekuwa zimekufa kabla hujapepesa," alisema.

Arobaini na moja. Deski alimshika mwenzake mkono, wakakaa hivyo kama enzi za kusubiri matokeo. Thelathini na tatu.

Feni ikaguna. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Cherehani ikatetemeka, na sindano ikashuka kwenye mahameli mahali pale pale, si unywele huku wala unywele kule, ikaanza kukimbia. Mwenge ukapanda, umenyooka.

Deski akaruka kutoka kigodani, mikono wazi, machozi tele.

"Usiguse meza!" Fundi Nakshi akapiga ukelele, akamdaka hewani, wakabaki wamekumbatiana katikati ya chumba, wakicheka bila sauti, wasije wakaitikisa kazi.