Miguu ya Mama Mdogo

Wiki nzima kabla ya Alhamisi Kuu mama mdogo alishinda kwenye kibaraza chake, Mjimwema, akisugua nyayo kwa jiwe. Jumuiya yetu ilikuwa imemchagua awe mmoja wa watu kumi na wawili ambao paroko angewaosha miguu, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Bibi wa miaka sabini na kitu, hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Alisugua, akapaka mafuta ya nazi, akasugua tena. Ndivyo tulivyo: mtu wa kuoshwa miguu kanisani huiosha kwanza nyumbani, ili maji ya paroko yabaki safi.

Miguu yenyewe naijua kuliko yangu. Funza waliila tangu utotoni, vidole viwili havina kucha, na kisigino cha kushoto kimepasuka mpasuko wa kuingia sarafu. Kwa miguu hiyo alitembeza dagaa wa Nyasa mitaa yote ya Songea, beseni kichwani, baada ya mama yangu kufariki, ili mimi nisome. Nikasoma. Nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Bombambili, nikatoa saruji ya sakafu ya kanisa, na jumuiya ikanipa uenyekiti. Watu wakaanza kunyamaza hata nilipokohoa tu.

Kazi ya mwenyekiti ilikuwa ndogo: kupeleka jina lake parokiani. Nilipeleka langu. Wanajumuiya niliwaambia mama amekataa, magoti yanamsumbua.

Sijitetei. Nilimwona akilini ametoa mguu ule mbele ya kanisa zima, simu zinapiga picha, watu wanaulizana huyu ni nani, wanajibiwa ni mama yake yule mwenye duka. Niliona aibu. Halafu, na hili ndilo baya zaidi, nilitaka kukaa pale mimi. Nilitaka paroko apige magoti mbele yangu, watu wakiona.

Jumatano nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone, kisigino kimeanza kulainika."

"Mama, paroko kasema mwaka huu ni wanaume tu."

Alishusha kitenge kikafunika miguu.

"Basi, si neno. Nafasi ya jumuiya kapewa nani?"

"Mimi."

"Afadhali wewe. Ni kama nimekaa mwenyewe."

Akanipa kile kichupa cha mafuta, kilikuwa kimebaki nusu. Nilikipokea, na usiku huo nilijipaka.

Siku ya misa nilikaa kiti cha nne, suruali nimeikunja vizuri. Kiti cha tano alikaa mwanamke. Cha sita pia. Walitoka jumuiya nyingine, na mimi katika ujanja wangu wote sikuwa nimewafikiria. Mama mdogo alikuwa benchi la mbele. Aliwatazama wale wanawake, akanitazama mimi, kisha akafungua kitabu cha nyimbo. Hajui kusoma. Paroko alipofika kwangu maji yalikuwa vuguvugu, na nikiri, hata baada ya kumwona mama anafunua zile kurasa, nilifurahi.

Jumamosi baada ya Pasaka ilikuwa zamu ya nyumba yangu kupokea sala ya jumuiya. Mama mdogo alivua ndala mlangoni akakanyaga vigae vyangu pekupeku. Sikumwambia avae. Aliacha makochi akakaa mkekani, miguu ameikunjia ndani ya kitenge. Tulisoma Injili, tukafika kwenye maombi, ambapo kila mtu huomba kwa zamu na wengine huitikia. Zamu yake ilipofika hakuinua uso.

"Namwombea mtu mmoja anayenionea aibu. Mungu amsamehe. Amwondolee hiyo aibu mapema, mimi bado nipo, asije akaona aibu kunizika. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, wasijue ni nani. Mwenyekiti ndiye huongoza kuitikia, kwa hiyo sauti yangu ilitangulia, na ilikuwa juu kuliko zote.