Tende Tatu Chini ya Kawa

Jarida langu la barua pepe lilianza na wasomaji kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa mimi mwenyewe, kwa anwani tofauti. Nilikuwa kidato cha tatu, najiona mwandishi. Kila Ijumaa naandika vichekesho vya mtaani kwetu Mji Mkongwe kwenye simu ya zamani ya mama, natuma, kisha nakaa kungoja umaarufu. Hauji. Matangazo yanataka pesa, na pesa sina.

Ikaingia Ramadhani, na nyumbani kwetu mchukuzi wa sahani ni mimi.

Kwetu futari haipikwi ya nyumba moja. Kabla ya magharibi sahani zinapishana vichochoroni, zimefunikwa kawa za ukindu, kila moja na mlango wake. Na sahani hairudi tupu: aliyepelekewa hutia chochote alichonacho. Basi nikapata akili. Nilichana daftari la jiografia, nikakata vikaratasi, nikaandika namna ya kulipata jarida, nikawa nabandika kimoja kimoja ndani ya kawa. Mtu akifunua, akute sambusa na mimi. Chini ya kila barua nikaongeza: "Ukicheka, mtumie mmoja. Usipocheka, mtumie adui yako." Wiki mbili tu, wasomaji wakapita mia. Bila senti.

Balaa la wasomaji ni kuwa wanataka tena. Vichekesho vikaniishia, nikaanza kuzisema sahani. Wenye kaimati ngumu walicheka wenyewe. Nikanogewa.

Pembeni mwa kichochoro anakaa bibi mmoja, mjane, yeye na paka zake. Ndiye aliyekuwa akinikanda nilipokuwa kichanga. Nikaandika: "Kuna nyumba nnapeleka sahani ya watu sita, inarudi na tende tatu. Mama anasema ni baraka. Mimi nasema ni ushahidi." Sikutaja mtu, na mtaa mzima ukajua ni nani. Hakuna barua iliyosomwa kama ile.

Siku ya tatu nikapiga hodi kwake na sahani yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka hapo. Ukae."

Hajapata kuniambia nikae. Kumbe mmoja kamtumia mmoja, naye kamtumia mwengine, hadi Maskati, kwa mwanawe. Asubuhi ile alikuwa amempigia simu mama yake analia: kumbe huna hata tende, unashinda na njaa, na mimi hunambii? Ameshakata shauri. Sikukuu ya Idi anakuja kuifunga nyumba na kumchukua.

"Nyumba hii nimeingia bi harusi," bibi akasema. "Leo natolewa kwa tende."

Nilitafuta mzaha wa kujiokoa. Ulimi umekauka, na si kwa saumu.

"Hebu nisomee wewe. Mwanangu alikuwa analia, sikusikia vizuri."

Nikasoma. Maneno yaliyochekesha watu mia yalinitoka mdomoni kama mchanga. Nilipofika kwenye tende akainua kidole.

"Nilikuwa nakutilia ngapi?"

Nikairudia barua kwa macho, kama jibu limo humo.

"Nakuuliza wewe."

"Saba, bibi."

"Na nne?"

Nikaanza kuiweka sawa kawa iliyokuwa imekaa sawa.

"Kila asubuhi nafagia kokwa kwenye ngazi yangu," akasema. "Mwanzo nikasema panya. Panya gani huyo anayetema kokwa? Na adhana bado!"

Nisiseme nilisahau. Nilipokuwa naandika nilijua kuwa ni saba. Lakini saba haichekeshi.

"Bibi, usimwambie mama."

Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka. Sikuomba msamaha, niliomba kufichiwa. Mpaka leo nikilikumbuka natamani kuvuta ushungi unifunike hadi miguuni.

"Siku zote hizo sikusema, nitasema leo?" akanijibu. "Lakini mwanangu haamini mdomo wangu. Anaona namficha shida zangu. Anaiamini hiyo barua yako."

Ijumaa ile niliandika barua fupi kuliko zote. Kwamba tende zilikuwa saba. Kwamba nne nilizila mimi, kwenye ngazi ya mwenye tende, jua halijatua, na mimi najiita nimefunga. Kwamba kila aliyemtumia mtu ile ya kwanza, amtumie na hii. Nikakaa na kidole juu ya kitufe, maana mama alikuwa msomaji wangu. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani pia. Nikatuma.

Mama aliisoma jikoni, amesimama. Hakunipiga. "Siku hizo utazilipa zote," akasema, akarudi kwenye unga wake. Bora angenipiga. Wasomaji wengine walijitoa, na waliobaki hawakuisambaza sana. Aibu haina miguu ya kicheko. Siku mbili nilikuwa naifungua simu kila baada ya kipindi cha sala. Ya tatu, likaja jibu la mstari mmoja kutoka Maskati: "Idi nakuja kumsalimu mama tu. Wewe tafuta pa kujificha."

Jioni ile nilipeleka sahani, na ndani ya kawa hamna kikaratasi. Bibi aliisoma ile simu niliyomnyooshea, polepole, akanirudishia. Akaitia sahani tende mbele yangu, anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea, mpaka saba. Ya nane akanikamatisha mkononi.

"Hii yako. Adhana ikilia."

Nikaondoka nayo nimeifumbata, nikaipita ile ngazi bila ya kukaa. Adhana ilipolia nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, tende imeganda kiganjani, na sikuwa na hamu nayo.