Kizingiti cha Chumba cha Maji

Chumba nilichokuwa nafanyia masaji kilikuwa kikavu, mpaka dada mwenye spa alipoamua kiwe cha maji. Alikuwa ameagiza bomba refu lenye matundu mengi, linalofungwa juu ya kitanda ili maji yamwangukie mteja akiwa amelala. Kabla ya kulifunga, fundi alitakiwa kuvunja sakafu, kuzika bomba la kutolea maji machafu na kupaka kuta dawa ya kuzuia unyevu. Vumbi lilifika mpaka kwenye taulo.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa namwogesha mama yake dada, ambaye mimi namwita bibi. Anaishi chumba cha uani tangu alipopooza upande wa kushoto. Kusimama hawezi, kwa hiyo namlaza na kumfuta kwa kitambaa na beseni.

"Unanipangusa kama meza ya mgahawa," aliniambia siku moja. "Kule kwetu Kapalamsenga nilikuwa naingia ziwani mpaka shingoni."

Nikamweleza habari za bomba. Akasema, "Muulize bosi wako kama na mimi nitaingizwa."

"Si umuulize wewe, bibi? Ni mwanao."

"Mwanangu ana wateja. Sitaki aone namwongezea mzigo."

Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Nilimwendea dada na swali la bibi, nikaishia kuuliza sabuni imewekwa wapi. Kesho yake ikawa vilevile. Wakati huo fundi akajenga kizingiti cha tofali mlangoni, ili maji yasitoke kwenda kwenye korido. Nilikitazama nikaona kwamba kikishakauka, kiti cha magurudumu cha bibi hakitapita tena.

Nikaenda uani bila kumwambia mtu. Nikamkalisha bibi kwenye kiti chake, nikamsukuma mpaka pale mlangoni. Magurudumu ya mbele yaligonga kizingiti, yakaacha alama kwenye saruji mbichi.

"Bibi umekuja kunikagua?" fundi akauliza.

"Nimekuja kuona banda la kuku. Maana pa kupita mtu sipaoni."

Fundi akacheka. Dada, aliyekuwa ndani akipima pa kuweka kitanda, hakucheka. Aliangalia gurudumu, akaniangalia mimi, halafu akachutama mbele ya kiti.

"Mama, unataka kuogea humu?"

"Kwani ni pa kuangalia tu?"

Dada akakaa vile kidogo, ameshika goti la mama yake. Kisha akamwambia fundi atoe kizingiti.

"Nikitoa, maji yatawafuata wateja mpaka mapokezi," fundi akajibu. "Labda nivunje sakafu yote, nianze mteremko upya. Na hicho kitanda chenu mtakisubiri."

"Vunja. Tutasubiri."

Alivunja, akinung'unika kwamba nyie wanawake mngesema mapema. Kosa hilo lilikuwa langu, nikalinyamazia.

Sakafu ilipokauka, nilimwingiza bibi bila kunyanyua gurudumu. Bomba lilikuwa bado kwenye boksi, limeegemezwa ukutani. Fundi akamwaga ndoo nzima ya maji karibu na mlango, sote tukayaangalia. Yalitulia pale kidogo, yakageuka, yakaanza kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Bibi alivua kandambili, akaushusha mguu wake mzima, wa kulia, mpaka maji yakapita juu ya vidole.

"Yameisha," akamwambia fundi. "Mwaga nyingine."